Siku Niliyosema Timazi Imepinda

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa shemeji yangu Deusi, maana yeye huongeza chumvi, na aibu hii haihitaji hata punje: mimi, fundi mwashi niliyejenga nusu ya nyumba za matofali za Rugera, nilisimama mbele ya waumini wa kigango kizima nikatangaza kwamba timazi imepinda.

Chanzo ni jicho la kulia. Liliingiwa na kivuli kama pazia linaloshuka, nikapelekwa hospitali kubwa ya mbali, daktari akanieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho umebanduka kama lipu inavyobanduka ukutani (aliposikia mimi ni mwashi ndipo akaleta mfano huo, nami nikauelewa kuliko alivyotaka). Wakanipasua, wakaurudisha mahali pake. Siku ya kuniruhusu akasema kuona kutarudi polepole, kwa miezi, huenda kusirudi kote, na vitu vilivyonyooka vinaweza kuonekana vimepinda. Mimi nikashika lile la lipu tu. Lipu ikishika, imeshika.

Nyumbani nikakuta Deusi, niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu, amepandisha ukuta wa kanisa letu jipya hadi kwenye linta, juu ya milango, bila mimi, na watu wanamwita fundi. Roho iliniuma, nisiwafiche, nikaona kazi yangu inakwenda hivihivi. Jumapili baada ya ibada katekista akaniuliza jicho linaendeleaje, nikajibu limepona kabisa, tena linaona kuliko zamani (hapo ndipo nilipojichimbia shimo). Akasema basi waitu, ndugu yetu, tukaukague ukuta, na watu wote wakafuata.

Sasa, mwashi hapimi kwa macho mawili. Nikafumba la kushoto, lile zima, kama nilivyozoea, nikautazama ukuta kwa la kulia. Ukuta ulikuwa na tumbo, karibu na mlango, tumbo la mjamzito wa miezi saba. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, ingawa moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe, nikasema ukuta huu utaua watu, ubomolewe. Wanaume wawili wakapanda, kozi tatu za matofali zikashuka. Deusi hakubishana, alikwenda kuleta timazi, chuma kile kizito kinachofungwa kwenye uzi kupimia wima, akaining'iniza, nami nikafumba tena jicho. Uzi nao ulikuwa na tumbo.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema uzi ni mbovu, mtu akatumwa madukani Omurushaka kwa baiskeli kununua mwingine, na watu wakakaa kwenye nyasi kumsubiri, hakuna aliyekumbuka ndizi zake jikoni. Uzi mpya ukaning'inizwa, ukapinda palepale. Ndipo nikatangaza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba timazi yenyewe imepinda.

Bibi mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kinyambo kama kitu kinachoning'inia kinaweza kukosea njia ya kwenda chini. Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikafika hadi kwa katekista.

Deusi peke yake hakucheka. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, fumba la kulia. Tazama kwa la kushoto."

Nikatazama. Uzi ulikuwa umenyooka, na nyuma yake ukuta umenyooka kuliko wowote niliowahi kujenga mimi. Nilitamani kulia.

Jumatatu kozi zile tatu zilirudishwa. Deusi alijenga, mimi nilimkorogea udongo, na wapita njia walinipa pole ambayo sikuiomba.

Timazi ile nimeitundika barazani kwangu. Kila asubuhi nafumba la kushoto naitazama, na lile tumbo limekuwa likipungua mwezi hadi mwezi, ila limebaki kidogo pale katikati, na daktari anasema huenda likabaki. Nimeapa neno "limepona kabisa" halitatoka tena kinywani mwangu. Na nikiitwa kukagua ukuta wa mtu, naenda na Deusi, yeye anatazama, mimi nashika uzi.