Mchimba Mifupa na Majina Aliyokataa Kuyataja

Saa mbili asubuhi jua bado halijafika korongoni. Koikai amelala kifudifudi juu ya udongo baridi, brashi mkononi, anapuliza vumbi kwenye mfupa mnene kuliko paja lake. Midomo yake haitulii. "Flood," ananong'ona, yaani mafuriko. "Drought," ukame. "Ash," jivu la mlima. "Earthquake," tetemeko. Akifika hapo anasita, anaukodolea macho mfupa, kisha anaanza upya.

Leo hana muda wa mchezo. Kabla ya chakula cha mchana atasikilizwa na Bwana Whitlow, Mwingereza mwenye kambi hii ya kuchimba mifupa juu ya mashamba ya Akheri. Kesho kutwa anakuja mgeni wa Bwana kutoka ng'ambo, asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Anatakiwa mtu wa kumtembeza mgeni huyo na kumweleza kwa Kiingereza kila kilichofukuliwa. Atakayeweza atabaki na kazi. Wengine wote wanaachishwa wiki hii.

Na kuachishwa kazi, katika mwaka huu wa 1913, si kwenda nyumbani kunyoosha miguu. Ng'ambo ya korongo ameketi mnyapara wa barabara wa serikali ya Wajerumani, fimbo magotini, anangoja kama fisi kwenye zizi. Asiye na mwajiri huchukuliwa kuvunja mawe kwenye barabara ya Moshi. Koikai alikwisha kuyavunja mawe hayo msimu mmoja. Anashusha shuka begani, anageuka ili makovu ya mgongoni yaonekane, kisha anajifunika haraka.

"Hapa nalipwa rupia nane kwa mwezi," anasema. "Lakini hata bila rupia ningebaki, maana hakuna anayenipiga. Nikirudi kule, safari hii sitoki."

Mwalimu wake ni Athumani, mpishi wa kambi, mtu wa Pangani aliyewapikia Waingereza kule Unguja hadi akaota mvi. Kila asubuhi baada ya chai wawili hawa hukaa nyuma ya jiko. Athumani anataja neno, Koikai analirudia, na kila akikosea anatupiwa kiazi cha kumenya.

"Mwezi wa kwanza alinimenyea gunia zima," Athumani anasema huku akicheka. "Siku hizi namenya mwenyewe. Elimu yake imeniponza."

Maneno ya maafa yalimwingia Koikai upesi, na si ajabu. Yeye ni Mwarusha, amezaliwa magharibi ya Mlima Meru katika ile miaka ambayo watu wake wanaiita Emutai, maangamizi. Sotoka ilifagia ng'ombe, ndui ikafuata watu, mvua nayo ikakataa. Koikai alikuwa bado ananyonya. Alikufa baba yake, wakafa na kaka zake wawili. Mama yake, Namelok, alimfunga mgongoni akauzunguka mlima kwa miguu hadi Akheri, ambako Wameru walimhurumia wakampa kipande cha shamba la migomba. Anaishi hapo hadi leo.

Shida imezuka kwenye maneno ya fungu la pili. Bwana Whitlow anaamini kwamba dunia imepitia vifo vikubwa zaidi ya mara moja, zamani sana, kabla hajazaliwa mtu yeyote. Katika vifo hivyo aina nzima za wanyama zilikwisha, asibaki hata ndama. Neno lake ni "extinct". Kila mfupa uliotolewa korongoni una jina la mnyama wake, na mgeni atataka kuyasikia yote. Athumani amefundisha majina hayo mwezi mzima, na mwezi mzima Koikai anayaruka.

"Nilidhani kichwa kimejaa," anasema mpishi. "Kumbe anayajua kama anavyolijua jina lake. Hataki tu kuyatamka, na mimi sina kiazi cha kutibu ugonjwa huo."

Koikai mwenyewe anaeleza bila haya. "Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Jina la baba yangu lilifanana na neno la kibuyu. Siku aliyokufa, mama aliacha kusema kibuyu, akakitafutia neno jingine, na nyumbani kwetu tunatumia hilo hilo mpaka sasa. Hawa wanyama wamekufa ukoo mzima. Hakuna aliyebaki wa kunipa ruhusa. Mimi ni nani hata niwaite?"

Mtu aliye mbali anaweza kucheka. Hapa korongoni, mnyapara akiwa anatazama, hakuna anayecheka.

Saa tano Bwana Whitlow anateremka. Wachimbaji wanaacha majembe. Bwana anaonyesha kwa bakora mstari mweusi kwenye ukuta wa korongo, na Koikai anajibu papo hapo: "Ash." Anaonyesha kokoto za mviringo. "Flood." Anaonyesha mahali ukuta ulipopasuka na upande mmoja ukatitia. "Earthquake." Bwana anaitikia kwa kichwa. Kisha anaweka kiganja juu ya ule mfupa mnene na kuuliza ni wa mnyama gani.

Koikai anainama kuupiga mfupa brashi. Jasho linamtoka ingawa kuna baridi.

Bwana anarudia swali. Koikai anajitahidi kupita pembeni: anasema kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba huyu ni yule mkubwa aliyeuawa na mafuriko. Bwana anatikisa kichwa. Koikai anaongeza kwamba ni yule aliyelala chini ya jivu.

"Jina," anasema Bwana, safari hii kwa Kiswahili. "Sema jina."

Ng'ambo ya korongo mnyapara amekwisha kusimama.

Hapo ndipo Athumani anapoteremka, kisu cha viazi mkononi, ingawa mpishi hana ruhusa ya kukanyaga mashimo. Anasimama karibu na mwanafunzi wake na kuzungumza naye polepole.

"Nisikilize, mwanangu. Sisi tukiwaombea marehemu wetu tunawataja mmoja mmoja. Asiyetajwa, dua itamfikiaje? Ninyi mnanyamaza kwa heshima, nasi tunataja kwa heshima, sigombani nawe. Lakini wenu wana mtu nyumbani anayejua anamnyamazia nani. Hawa wana nani?"

Koikai anaweka brashi chini. Anainama, anang'oa fungu la majani mabichi ukingoni mwa shimo na kuliweka juu ya mfupa, kama wafanyavyo watu wake wanapoomba amani.

"Mastodon," anasema, yaani tembo wa kale.

Sauti inatoka kavu, kama ya mtu aliyeamka kwenye homa. Anang'oa majani mengine, anasogea kwenye mfupa unaofuata na kuutaja, kisha mwingine, hadi mifupa yote imefunikwa. Bwana Whitlow anayatazama majani bila kuelewa, lakini majina ameyasikia, na hakuna lililokosewa. Anamwambia Athumani kwamba mtu huyu atabaki. Mnyapara anaketi tena kuwangoja wengine.

Ungetegemea furaha. Koikai anakwenda nyuma ya jiko na kukaa chini. Chai anaikataa. Athumani anamwekea shuka la pili mabegani na safari hii hana mzaha wowote.

Koikai anaokota kiazi, anakigeuzageuza mkononi.

"Nimewataja wasio wangu," anasema. "Walio wangu siwezi. Wala si kwa sababu ya mwiko. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, mtoto mchanga. Majina ya kaka zangu siyajui, hayajawahi kutamkwa mbele yangu hata siku moja. Anayeyajua ni mama peke yake, na tangu baridi ya Julai anakohoa."

Jumapili kambi haichimbi. Amepanga kushuka Akheri mapema, amkatie mama kuni, amchotee maji, kisha akae karibu naye amwombe. Anaogopa, na hafichi. Namelok ametunza ukimya huo zaidi ya miaka ishirini, na anaweza kumfukuza nyumbani kwa kuuliza tu.

Na akikataa?



"Nitamwomba amtaje mmoja tu," Koikai anasema. "Yule mkubwa. Mdogo nitamrudia siku nyingine."