Barua Iliyoifunga Nyumba ya Mama

Karani wa vizazi na vifo alinyang'anywa nyumba ya mama yake mara mbili: kwanza kwa tingatinga, kisha kwa barua pepe yenye salamu za rambirambi.

Tingatinga lilipopita kupanua barabara, mdogo wake, fundi wa kuchomelea, alinunua mtandaoni mchezo wa kujenga miji, akaketi mbele ya televisheni, na kwa miaka sita, kila Jumapili, akaijenga upya nyumba ile chumba kwa chumba. Dada mtu alikaa pembeni akimsahihisha.

"Dirisha la jikoni lilikuwa chini zaidi. Mama alituchungulia bila kujinyoosha."

"Dada, jiji likikuajiri wewe, watu watahama wenyewe."

Lakini alilishusha.

Figo zilifeli, na mdogo wake akafariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Baada ya maziko, karani akafanya jambo ambalo karani wa vifo peke yake angelifanya: aliiandikia kampuni ya mchezo, akaambatisha cheti cha kifo alichokigonga muhuri kwa mkono wake, akaomba akaunti ihamishiwe kwake. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuvumilia jina la marehemu litumike kana kwamba yu hai.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Kampuni ilimpa pole, ikamfahamisha kwamba ruhusa ya kucheza hukoma mwenye akaunti anapofariki, na kwamba akaunti imefungwa. Alipowasha mashine ya michezo ya marehemu, skrini ilimtaka anunue upya, aanzie kwenye kiwanja kitupu.

Alikwenda kwa muuza diski za michezo za mitumba, rafiki wa marehemu.

"Nilimwambia anunue diski," alisema yule bwana. "Leo ingekuwa kabatini kwako, na nyumba ingekuwa ndani ya mashine. Nani angekuja kukupokonya?"

"Si alilipa?"

"Alilipia kuazimwa, dada yangu. Na wewe nawe, kwa nini uliwaambia amefariki? Ungenyamaza tu."

"Ninyamaze? Mimi mshahara wangu ni kutangaza waliokufa!"

Muuzaji akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha.

Hasira ilimpanda karani njia nzima. Wangapi walionyamaza wangali wakiingia katika akaunti za wafu wao bila kuulizwa? Aliyesema kweli, kwa karatasi na muhuri, ndiye aliyefungiwa mlango. Aliandika barua nne zaidi. Zote zilijibiwa kwa maneno yale yale, hata koma haikuhama.

Tangu Jumatatu, tarehe 6 Mei 2024, karani hamkabidhi mtu cheti cha kifo kabla ya kumwuliza ni nini marehemu aliacha mtandaoni, na kumshauri anakili kila kinachonakilika kabla hajaitaarifu kampuni yoyote. Msimamizi wake amekwisha kumwonya kwa maandishi.