Huku Niite Dada

Korogwe siku ya gulio, ukipita mahali wanapofungulia mabelo ya mitumba, kuna harufu inayoitangulia nguo yenyewe. Ni ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Wenzangu wakiisikia wanakimbilia kuchagua. Mimi huzunguka nyuma ya wauza nyanya nikatokea upande wa pili. Vijana wa mitumba wananitania kwamba mama huyu ana maringo, anavaa vitenge tu. Waache waseme. Ninyi nitawaambia kweli: harufu ile mimi niliwahi kuionja kwa ulimi, siku niliyofika Ulaya, na tangu siku hiyo hatupatani.

Nililelewa na Bibi, mama wa mama yangu, kule Misima, Handeni, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa cha ujamaa. Tulikuwa na shamba la ujamaa, duka la ujamaa, na hata mbwa mmoja aliyekuwa hana mwenyewe tulimwita mbwa wa ujamaa kwa sababu alikula kila nyumba. Baba yangu sikumjua. Mama alikuwa akifua nguo kwenye hospitali ya misheni huko milimani, wakamwona ana akili na mikono safi, wakampeleka Ujerumani kusomea uuguzi. Aliondoka mimi bado natambaa.

Sura yake sikuikumbuka, ila jina lake nililisikia kila siku, maana lilikuwa langu. Kwetu mwanamke akishazaa, jina la kuzaliwa linawekwa kando, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wake wa kwanza, tena wa pekee, ni mimi, Penina. Kwa hiyo hapakuwa na mtu Misima aliyesema Eliza. Kisimani walimwuliza Bibi, "Mama Penina hajambo huko?" Bibi akajibu hajambo, anasalimu. Mimi nikitembea nyuma yao na kindoo changu nilijiona mkubwa, jina langu linatajwa mpaka Ulaya.

Nikiwa darasa la pili ikaja habari kwamba naitwa. Muuguzi mmoja wa Kizungu wa kule misheni, tuliyemwita Sista, alikuwa anakwenda kwao likizo na angenichukua. Mama alisema nije nitazame, na kama baridi nitaiweza, nitabaki, nitasoma huko, tutakaa wote. Hilo la kukaa wote ndilo lililonifanya nikose kula. Ulaya kama Ulaya sikuwa na haja nayo. Nilitaka kukaa na mtu ambaye kila mtu alisema ni wangu.

Bibi akaanza kunifundisha. Yeye alikuwa Msambaa aliyeolewa Uziguani, na mambo ya adabu alikuwa hana mchezo nayo. Aligundua kwamba neno "Mama" lilikuwa halijapata kunitoka mdomoni nikimwita mtu, kwa sababu yeye mwenyewe nilimwita Bibi. Basi akanisimamisha mbele ya nguzo ya kati ya nyumba, akasema hiyo nguzo ndiyo mama yako ameshuka kwenye ndege. Usimkimbilie kama mbuzi. Simama, mwite asikie, halafu piga goti umwamkie. Nami nikawa naita nguzo, "Mama!" Na kwa kuwa nguzo haijibu, Bibi alikuwa akiitikia kutoka jikoni huku anakoroga ugali, "Abee, mwanangu!" Tukifika hapo tunacheka sote wawili, naye ananiambia nirudie, sijasikika vizuri. Tulifanya hivyo mpaka majirani wakaanza kuuliza kama nguzo yetu imezaa.

Siku ya siku nikafika. Kulikuwa na ukumbi mkubwa, taa mchana, na watu wanaotembea kama wamefiwa. Sista akanionyesha kwa kidole. Nikamwona mwanamke mweusi mmoja tu katika watu wote wale, amevaa koti refu la sufu na glavu, na sikuhitaji kuambiwa, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha uso kama cha Bibi. Nikasimama kama nilivyofundishwa. Nikafungua mdomo.

Herufi ya kwanza ilishatoka. Akaja upesi, akainama, akaniwekea mkono mdomoni, na glavu ile ikanijaa ulimini, sufu na dawa ya nondo. "Huku niite dada," aliniambia sikioni. "Huku ndivyo tunavyoitana." Kisha akanikumbatia kwa nguvu sana, na alikuwa akitetemeka. Nikafikiri ni baridi.

Msinicheke. Mtoto anayefika nchi ya watu huchukua kila kitu kama kilivyo. Siku hiyohiyo niliona ngazi zinazopanda zenyewe watu wamesimama tu. Niliona mbwa analala chini ya meza ya chakula na hakuna anayemfukuza. Miti yote ilikuwa haina jani hata moja, nikawahurumia wenye mashamba, nikidhani imekufa yote. Kila mtu alitoa moshi mdomoni. Theluji ilipoanguka nilidhani ni pamba ya msufi imepasuka mahali, nikatoka kuiokota ya kujazia mto wa Bibi, ikaniishia mkononi, nikalia. Kwenye basi niliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeitikia ila bibi kizee mmoja aliyenipa peremende. Sasa katika nchi ambayo ngazi zinatembea na wazee hawaitikii shikamoo, watoto kuwaita mama zao dada ni ajabu gani? Nililiweka pamoja na mengine.

Ila lilinisumbua kidogo. Asubuhi moja alikuwa ananichana nywele chumbani kwake, tuko wawili, mlango umefungwa. Akanivuta, nikasema, "Mama, unaniumiza." Kitana kikasimama kichwani. Akasema taratibu, "Dada. Zoea, usije ukakosea." Akaendelea kunichana, sasa kwa upole mno, kama mtu anayegusa kidonda. Ukutani palikuwa na picha tuliyopiga Korogwe, mimi na Bibi. Wanawake wa kanisani walipokuja kuniona, wakinishika nywele na kunipa mwanasesere, walimwonyesha Bibi pichani, kisha wakanionyesha mimi, wakitikisa vichwa kwamba tunafanana. Mama naye akatikisa kichwa. Nami, kwa adabu, nikatikisa.

Baridi niliiweza. Nataka mlijue hilo. Nilikula mkate baridi, nilivaa soksi mbili mbili, sikukohoa hata mara moja, yote ili asije akasema sikuiweza. Likizo ya Sista ilipokwisha, Mama alinifungia sanduku mwenyewe. Aliniambia bado mambo hayajakaa sawa, nitarudi mwaka ujao. Ukumbini nikamwita "dada" bila kukosea, nikitumaini akiona nimezoea atabadili mawazo. Akanisifu kwamba mimi ni mtoto msikivu.

Misima walinipokea kama waziri. Tulikuwa kwenye palizi ya pamba, shamba la ujamaa, na watu walipopumzika mwenyekiti wa kijiji akaniambia nisimame niwape habari za Ulaya. Nikawapa. Kuhusu mbwa chini ya meza walitema mate. Kuhusu ngazi, mwenyekiti akaeleza kwamba huo ndio ubepari, mtu anafanywa mvivu hata wa kupanda. Walikuwa wamenogewa, nami nikanogewa zaidi, nikawamalizia na lile nililoliona kubwa kuliko yote: kwamba Ulaya mtoto hamwiti mama yake mama, anamwita dada.

Walicheka mpaka mwanamke mmoja akaanguka ubavu. Mwingine akasema kuanzia leo na mimi mama mkwe atakuwa dada, tutaheshimiana vizuri. Nilitafuta uso wa Bibi nione kama amecheka. Alikuwa ameshanyanyuka. Alichukua jembe akaingia kwenye mistari ya pamba peke yake, wakati wa mapumziko, akalima akitupa mgongo.

Nyumbani aliniuliza jambo moja tu. "Alikuambia umwite hivyo mbele za watu, au hata mkiwa wawili?"

Nikamjibu, "Hata tukiwa wawili."

Bibi akasema nikiulizwa tena habari za Ulaya nieleze ngazi, hilo la dada niliache. Nilikasirika. Nilidhani anaona wivu kwamba mimi nimefika yeye hajafika. Lakini niliona kitu kingine: kisimani walipomwuliza kama Mama Penina hajambo, alianza kujibu, "Eliza hajambo." Watu wakadhani uzee. Wao wakaendelea kusema Mama Penina.

Mwaka ujao haukufika. Ilifika mingine, na kila mmoja ulikuwa na sababu yake. Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nimeshaelewa kwamba hakuna nchi yenye desturi ile. Sista aliyerudi milimani ndiye aliyenimalizia, bila kujua, aliponisifia kwa moyo wake wote jinsi dada yangu anavyotunza ndugu zake, msichana ambaye hajapata hata mtoto wake mwenyewe. Chuo kilichompokea kilikuwa hakichukui wasichana wenye watoto. Siku ya kuandikishwa alikana kwamba ana mtoto ili apate nafasi, na baada ya hapo ilibidi aendelee. Hayo nayaelewa. Lile "dada" la chumbani, mlango umefungwa, sijalielewa mpaka leo.

Hata hivyo, jamani, nilikuwa bado namngoja. Ikaja habari kwamba anakuja, ameolewa huko na Mzungu, watashukia Korogwe kwa treni na kupanda hadi Misima kumwamkia Bibi. Nikajiambia basi, anakuja kusahihisha. Atakuwa amemweleza mume. Bibi akachinja kuku. Wanawake wa kijiji wakafagia njia mpaka barabarani, wakajipanga na vigelegele vyao. Bibi alioga, akavaa kanga mpya, akanituma stesheni. Aliponiaga aliniambia, "Ukimwona, usimsaidie. Mwache aseme mwenyewe."

Alishuka kwenye behewa na koti mkononi, kwenye jua lile la Korogwe. Alikuwa amenenepa, mzuri, anacheka. Nikapiga goti nikasema shikamoo, nikaishia hapo, sikuongeza neno la kumwita. Nilimwachia nafasi. Mume wake, mtu mrefu mwenye haya, alikuwa amejifunza Kiswahili kwa ajili yetu. Akanipa mkono, akasema kwa uangalifu, akipanga kila neno, "Wewe ni Penina. Mdogo wa mke wangu."

Nikamtazama Mama. Alinitazama naye. Midomo ilimcheza, na nitakufa nikiamini kwamba alitaka. Halafu akasema, "Ndiye huyo. Amekua, eh?"

Nikabeba sanduku mpaka kwenye nyumba ya wageni. Hapo ndipo aliposema hawataweza kufika Misima. Barabara ni mbaya, alisema, mvua imeharibu, na tumbo la mume haliko sawa. Mwambie Bibi ashuke yeye Korogwe. Mume alishangaa, alikuwa mzima kabisa. Mimi nilielewa nikiwa nimesimama palepale mlangoni. Kule Misima kulikuwa na wanawake wamejipanga njiani, na mdomo wa kila mmoja ulikuwa na jina moja la kumkaribishia: Mama Penina. Mume sasa alisikia Kiswahili. Angelisikia jina hilo kabla hajateremka garini, tena kwa vigelegele.

Akanipa lile koti. Akasema litanifaa nikienda milimani.

Nilirudi kwa lori la pamba, nimekaa juu. Nilipoteremka wanawake walianza vigelegele, wakaona niko peke yangu, wakakatisha. Bibi alikuwa mlangoni na kanga yake mpya. Nikamwambia vile nilivyotumwa: barabara mbaya, mvua imeharibu. Alinitazama toka nywele mpaka miguu. Nilikuwa mwekundu wote kwa vumbi, na kope nazo.

Alinifuta uso kwa ncha ya kanga mpya, akaigeukia kadamnasi, akawaambia waingie wale, chakula kisipoe. Mwanamke mmoja, yule wa mama mkwe, akauliza kwa sauti ndogo, kwani Mama Penina haji?

"Mama Penina ni mimi," Bibi alisema. "Ingieni."

Koti nililiacha nje juu ya ua, likanyeshewa na mvua ilipokuja kweli, likaanguka, mbwa wa ujamaa akazalia watoto juu yake. Eliza alirudi kwao Ulaya na huko ndiko alikozikwa. Bibi hakushuka Korogwe.

Siku hizi nikilipita gulio lile na harufu ikanifuata, hujikuta namwaza yule mtoto mbele ya nguzo, anayejifunza kuita ili akaite mbali. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na nimelielewa nikiwa mtu mzima, Bibi ameshalala chini. Neno lile nililiita nyumbani kwa siku nyingi, nikalipeleka Ulaya likazibwa na glavu. Na kila nilipoliita nyumbani, mtu alikuwa akiniitikia kutoka jikoni.