Picha Niliyoleta Kumwokoa Mama Mdogo

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu mhariri analo, na nimemwomba alifungie kabatini. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Rungwe, nina mke na binti mmoja, nimwite Tusekile. Nafanya utafiti wa protini katika chuo kikuu cha ughaibuni, nilikokwenda kusoma milango ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa. Wenzangu walioondoka wakati ule wamerudi na malori ya mitumba. Mimi nimerudi na upara. Hapa Tukuyu wananiita Dokta, na kila likizo wananiletea meno yanayouma.

Baba yangu, ambaye kwa Kinyakyusa tunamwita tata, alikuwa nyapara wa shamba la chai. Alipokaribia miaka hamsini, nyayo zilianza kumwaka kama anakanyaga majivu ya moto, kisha zikafa ganzi. Akakonda, akawa akisimama anazimia, tukamzika. Baadaye mdogo wake akashikwa vilevile, naye tukamzika. Hapo baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, akaanza kumtazama vibaya mke mdogo wa tata, aliyebaki na migomba yake pale nyumbani. Wazee wa kwetu huamini kwamba mchawi hufuga chatu tumboni, na chatu hao hutoka kwenda kula watu. Baba mkubwa akasema chatu wanakaa kwa mama mdogo. Huyo mama mdogo ndiye aliyenilea, maana mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili.

Sasa sikilizeni. Tata alipokuwa mgonjwa, daktari alimkata kipande kidogo cha mshipa wa fahamu mguuni. Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara kwenye hospitali hiyo, nikakihifadhi ndani ya nta, na nilipokwenda kusoma nikaenda nacho. Mwaka jana ndipo nilipopata moyo wa kukipima. Protini ni uzi mdogo mno ambao mwili huukunja vizuri, kama mnavyokunja kanga za kuweka sandukuni. Ila kuna inayokosea mkunjo. Ikishakosea, nyingine huja kujishikiza kwake, na nyingine, na nyingine, bila fundi wala amri. Fikirieni ukindu unaojisuka mkeka wenyewe, haumalizi, mpaka mkeka unajaza nyumba na wenye nyumba wanakosa pa kupumulia. Nilitia rangi, nikatazama kwenye darubini, na mguu wa tata ukang'aa kijani kama chipukizi la chai. Nikapiga mluzi kwa furaha. Mtu anaona kilichomuua baba yake, anapiga mluzi!

Nikakipiga picha kwa darubini kubwa zaidi. Nyuzi ndefu, nyembamba, zimelaliana. Nikaileta likizo hii ili nimsafishe mama mdogo. Jumapili baada ya ibada nikaiweka mezani kwa baba mkubwa, Msasani ya hapa Tukuyu, watu wamejaa sebuleni. Akavaa miwani. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Zamani wazee walimpasua marehemu tumbo waone kilichomuua. Wewe umewatoa kwa mashine. Tazameni, chatu hawa hapa!"

"Hapana, baba. Hizo ni protini."

"Protini si ndiyo hiyo mnayosema iko kwenye maharage?"

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo ndugu yangu aliuawa na maharage?"

Sebule nzima ikacheka. Nami nikacheka, na kicheko hicho kinaniuma mpaka leo. Kwa sababu shangazi mmoja aliuliza swali la maana: "Dokta, hata kama si chatu, vimetoka wapi?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Vimetoka kwenye damu yetu wenyewe. Kila mtoto wa tata alirushiwa shilingi, kichwa au mwenge, aurithi ugonjwa au auepuke, na watoto wetu nao vivyo hivyo. Lakini kwenye kochi alikaa mshenga wa mchumba wa Tusekile, aliyekuja kupeleleza kama ukoo wetu una ugonjwa. Nikamtazama, naye akanitazama. Nikasema, "Bado tunachunguza."

Tangu siku hiyo picha yangu inatembea. Imefika Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, imefika sokoni, na usiku inalala ndani ya Biblia ya baba mkubwa. Vijana wa ukoo wanapita mbele ya nyumba ya mama mdogo bila kumsalimia. Juzi tumekuta migomba yake mitatu imekatwa pamoja na mikungu yake michanga. Kikao cha ukoo ni mwisho wa mwezi. Atatakiwa ahame, arudi Kiwira kwa ndugu zake, ambao wote wamekwisha kufa. Na hilo la kuhama ndilo ninaloliombea, maana lile lingine wanalotendewa wanaoitwa wachawi silisemi.

Jana nilikuwa jikoni kwake, nimevua viatu, namtania kwamba ndizi zake zimezidi chumvi tangu nizaliwe. Akaacha kukoroga, akanusa.

"Mwanangu, kuna kitu kinaungua."

Nilikuwa nimekanyaga kaa la moto. Sikusikia chochote. Akaniondolea kaa kwa vidole vyake, akaumiminia maji mguu wangu, akaushika muda mrefu bila kunitazama usoni. "Hata tata yako alianza hivi," akasema, akarudi kwenye chungu chake. Hakuniuliza nitasema nini kwenye kikao.

Wasomaji, nikisema ukweli mama mdogo atabaki na migomba yake, na Tusekile atakuwa binti ambaye washenga wanampita kwa mbali. Nikinyamaza, harusi itakuwepo, na mama aliyenilea sijui atalala wapi. Mlio mabinti, niambieni: mngetaka baba yenu aseme? Nishikeni mkono, kikao kinakaribia, na mguu wa pili nao umeanza kuwaka.