Siku Niliyompiga Picha Bwana Arusi Asiye Wetu

Nimekaa na jambo hili wiki tatu sijamwambia mtu, sababu ya kwanza ni aibu na ya pili ni kwamba sina mtu wa kumwambia, kwa hivyo nakuandikia wewe, daftari, na ukitaka kucheka cheka polepole.

Mimi siwaangalii watu usoni. Si kiburi, wallahi, ni kwamba mtu akinitazama macho kwa macho nahisi ulimi unakauka, basi huwaamkia nikitazama chini, na tangu tuhamie hapa Junda kutoka Likoni (mwaka wa pili huu, na shuleni bado nakula peke yangu nyuma ya maabara) watu wengi wa mtaani nawajua kwa viatu vyao. Kaka Twalib wa nyumba ya pili nilikuwa namjua kwa makubadhi ya ngozi, la kulia limekatika ukanda likashonwa kwa uzi mwekundu. Ukiniuliza Kaka Twalib ni nani, ningekwambia ni huo uzi.

Mamake, Mama Twalib, ndiye mtu pekee mtaa huu anayenisemesha bila haja. Akinisikia uani naanika nguo huniita kupitia ukuta, "Mpiga picha wangu, hujambo?" Jina hilo alinipa siku aliyoniona na kamera ya mjomba (mjomba alikuwa na studio, akaifunga watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu, kamera akanipa mimi). Nilikuwa najifunza kwa video, peke yangu chumbani: sogea karibu mpaka uso ujae kwenye fremu, upe mgongo mwanga wa dirisha, fungua lenzi ili vya nyuma vififie. Nilipenda kwa sababu ukishika kamera unaweza kusimama katikati ya watu na hakuna anayekuuliza mbona huongei.

Basi arusi ya Twalib ilipokaribia, Mama Twalib akaniita ukutani, safari hii hatanii.

"Athman."

"Naam."

"Mimi msikitini siingii, huko ni mambo ya wanaume. Na Twalib ndiye mtoto niliye naye, sina mwengine. Nataka nimwone anavyooa. Uniletee, mwanangu."

Nikasema inshallah. Na imamu wetu hataki msikiti ujae simu zimeinuliwa juu, ameruhusu mpiga picha mmoja tu kwa kila arusi, yaani nisipoleta mimi haleti mtu.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, nikaingia na kanzu yangu imenyooka, betri imejaa, nikasogea hadi dirishani. Mbele wamekaa vijana wawili, wote wamevaa joho, wote wamepiga vilemba, wote ndevu zimechongwa siku hiyo hiyo. Mmoja ameshakaa mbele ya sheikh, mwengine nyuma yake kidogo. Hakuna aliyeniambia kwamba jioni hiyo kuna nikahi mbili. Nikateremsha macho chini kama kawaida yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka (cheka sasa) kwamba msikitini watu hawaingii na viatu.

Kando yangu alikuwa mzee mmoja. Nilichotakiwa kusema ni kitu kidogo tu, "Samahani ami, Twalib ni yupi?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Utamuulizaje mtu sura ya jirani yako wa miaka miwili? Nikajiambia aliyekaa mbele ya sheikh ndiye bwana arusi, aliye nyuma ni msimamizi wake, haya kazi ianze. Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata dakika moja.

Na nilipiga vizuri, hilo sitalikana. Feni zinanguruma, sheikh anaongea kwa sauti ya chini, mimi sisikii neno wala sihitaji, nimesogea karibu, uso umejaa fremu, mkono ndani ya mkono, jasho kwenye paji la uso, mwanga wa dirisha umemlalia shavuni. Picha sitini. Ilipokwisha yule mzee akanishika bega akasema, "Maashallah, mpiga picha wetu hachoki! Njoo unywe kahawa," akanitoa nje barazani, nikapewa halwa, nikamiminiwa kikombe cha pili, wakaniuliza jina langu, nasoma wapi, nimejifunza na nani. Nikajibu. Nikacheka. Ndani nikawa nasikia sheikh ameanza tena, nikadhani ni watu wengine na shughuli zao, nikaongeza kipande cha halwa.

Nikarudi mtaani natembea kama mtu mwenye marafiki. Nyumba ya Mama Twalib imejaa wanawake, kwa hivyo nikabisha hodi, nikapitisha kamera kwenye pazia la mlango, nikasimama nje kungoja sifa.

Nikasikia sauti ya shangazi mtu: "Enyi, kwani Twalib leo ameazima pua?"

"Ndiye huyo, ni joho limembadilisha."

"Joho linabadilisha pua? Huyu mbona ni yule kijana wa Mtopanga, wa duka la simiti!"

Kicheko kikapasuka humo ndani. Nikasikia Mama Twalib, "Peleka mbele, mwanangu atakuja." Wakapeleka mbele. Nikasikia kidude cha kamera kinabonyezwa, tik, tik, tik, na kila tik kijana wa simiti anazidi kupendeza. Kisha shangazi akapiga ukelele, "Huyo! Huyo hapo nyuma! Si ndilo sikio lake hilo?" (Ndilo. Nilifungua lenzi, vya nyuma vikafifia, na Twalib alikuwa wa nyuma.)

"Athman," akaita Mama Twalib. Yeye hakuwa anacheka. "Mwanangu yuko wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Nilichosema ni, "Yuko nyuma, mama. Amefifia." Wakacheka tena mpaka mtu akaomba maji, nami nikaondoka bila kamera.

Kesho yake mtaa mzima unajua. Vijana wa kinyozi wakiniona wanapiga pozi wanasema, "Usinipige mimi, piga yule!" Kamera ililetwa nyumbani imefungwa vizuri kwenye leso. Picha nikawapelekea wenyewe kule Mtopanga, wakanishukuru mno, wakataka nikae nile, nikasema nina haraka, na sikuwa na haraka yoyote.

Siku ya nne nikajikaza nikaenda kwa Mama Twalib kuomba radhi. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Hakunigombeza. Akanisogezea kigoda akasema, "Picha zimepita, si kitu. Basi nieleze wewe uliyekuwepo. Alipomjibu sheikh, sauti yake ilitetemeka? Babake siku yetu ilimtetemeka, niliambiwa."

Hapo ndipo ilipo aibu yangu, daftari, si kwenye sikio wala pua. Ningeweza kumdanganya, na angefurahi. Nikamwambia sijui. Nikamwambia zamu yake ilipofika sikuwa ndani, nilikuwa barazani nakula halwa ya watu, kwa sababu walinisemesha.

Mikono ikaendelea na mchicha. "Haya mwanangu," akasema, "basi." Bado ananiamkia kupitia ukuta, tena kwa uzuri, lakini sasa ananiita Athman.

Kwa hivyo naapa. Video zote zinaanza na mwanga. Mimi nikiulizwa na anayeanza nitamwambia aanze na salamu. Nikiitwa tena (nikiitwa), nitafika kabla ya wote, nimtafute bwana arusi mwenyewe, nimtazame usoni mpaka aone haya yeye, nimuulize jina lake na la babake mbele ya watu wote, ndipo niwashe kamera. Wakitaka kunicheka kwa kuuliza, wanicheke hapo hapo, mapema, kabla sheikh hajaanza.