Leso Juu ya Nguzo

Zamani, nilipokuwa mtoto, saa nne na robo asubuhi, ndege ya polisi ilianza kuzunguka juu ya uwanja wetu wa ndege wa majani, karibu na Msambweni, isishuke. Ni harufu ya mafuta ya ndege, iliyonasa leo kwenye mkono wa sare yangu ya urubani, iliyonirudisha pale.

Upepo wa kusi ulikuwa umekirarua kitambaa kinachomwonyesha rubani upepo unakovuma. Mjomba, mlinzi wa uwanja, aliitazama nguzo tupu akatikisa kichwa. Nikaivua leso ya mama niliyojitanda, nikakwea, nikaifunga juu.

"Ewe mtoto, jisitiri! Wanaume wanashuka!"

"Nawashuke salama kwanza, mjomba."

Leso ikajaa upepo. Ndege ikageuka, ikatua vizuri. Rubani alikuwa akitoka kulinda mpaka, upande wa Lungalunga. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akacheka. "Wewe utaolewa na rubani."

"Siolewi na rubani. Nitarusha mimi."

Leso niliiteremsha ikiwa vipande. Nyumbani mjomba alinitetea: imeharibika moja, ya pili ipo, hasara ni nusu.

"Leso moja bila mwenziwe," mama akamjibu, "utaniona naivaa harusini? Leso ni doti." Kisha akanigeukia. "Na wewe una la kusema?"

"Nitarusha mimi."

Akaikunja ile leso iliyobaki mapajani mwake.

"Basi siku utakayorusha, utanilipa doti nzima. Shilingi saba."