Kinyozi Aliyempangisha Mzimu Nyumbani kwa Shangazi

Kipaza alikuwa kinyozi, na kinyozi hunyoa kwa mkono lakini wateja huwavuta kwa mdomo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sauti yake. Akiagiza maji akiwa ndani ya duka lake, mtu wa ng'ambo ya barabara alijikuta ameinuka kwenda kuyachota. Kwa hiyo siku watu wa makumbusho walipotafuta mtu wa kuwatembeza wageni usiku, awaonyeshe palipopiganwa vita vya zamani na kuwasimulia habari za mizimu, hawakuita mtu kwenye usaili. Walivuka barabara tu.

Mji ule ulipiganiwa siku mbili mfululizo, na wafu wake wanatosha. Mara tatu kwa wiki, saa moja jioni, Kipaza alivua koti jeupe la kazi, akavaa jeusi refu, akawasha taa ya chemli na kuongoza watu kumi na tano au ishirini, akitembea kinyumenyume ili awaone nyuso. Kisimani palikuwa na mzimu wa mpishi wa jeshi. Kwenye ukuta wenye matundu ya risasi palikuwa na mapacha waliopigana kila mmoja upande wake. Mwisho kabisa yalikuwa makaburi ya askari, na huko hakuhitaji kusema sana, maana upepo ulimsaidia kazi.

Shida ilikuwa katikati. Kutoka ukutani hadi makaburini ni barabara ndefu, nyoofu, ambayo hata wakati wa vita hapakutokea lolote la maana. Wageni walianza kupiga miayo na kulalamikia viatu, na mama mmoja aliwahi kuuliza kama mizimu iliyobaki haiwezi kufuatwa kwa gari. Kipaza aliona aibu kama mtu aliyeishiwa sukari mbele ya wakwe. Basi usiku mmoja, miaka tisa iliyopita, alisimama ghafla mbele ya mlango mmoja, akainua taa, akapachika mzimu pale.

"Hapa," alisema kwa kunong'ona, na mnong'ono wa Kipaza husikika mtaa wa pili, "alifia mpiga tarumbeta wa jeshi. Alibisha mlango huu mara tatu akiomba maji, hakufunguliwa. Tangu siku hiyo, atakayebisha hapa jua likishazama atafunguliwa na yeye. Na aliyefunguliwa na yeye hamalizi mwaka."

Mlango ule ulikuwa wa shangazi yake. Aliuchagua kwa sababu masikio ya shangazi ni mazito, na jioni hukaa chumba cha nyuma, tena ni damu yake, hatampeleka mahakamani. Usiniulize kama hizo ni sababu. Ndizo alizokuwa nazo.

Hadithi ilinoga. Kila wiki aliitia chumvi kidogo. Tarumbeta ikaota kutu ya damu, mpigaji akapata kikohozi, mkono wake ukawa baridi. Ikafika mahali wageni wanamuulizia mpiga tarumbeta kabla hata hawajatoka makumbusho. Wenyeji nao wakaidaka, maana ulimi hauna mfupa, na hadithi ikiwa tamu hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Siku moja mchana shangazi akamwita. Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki. Alimkuta sebuleni, viti sita vimepangwa, vitambaa vyake vimefuliwa na kupigwa pasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mwanangu." Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyewahi kumwomba Kipaza aongeze sauti. "Nataka uende kwa majirani ukaniombee msamaha."

"Umewakosea nini?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta. Labda ni siku ile nilipomwambia mke wa fundi bomba kwamba mtoto wake ana kichwa kikubwa. Lakini si kilikuwa kikubwa kweli? Au labda ni pale nilipolala kwaya ikiimba. Zamani jioni walijaa humu mpaka wengine wanakaa chini. Sasa hakuna anayebisha. Mchana wananisalimia vizuri, ila wanasalimia huku wanakimbia. Jioni nakaa na viti. Mtu hachukiwi bure na mtaa mzima. Kuna jambo nimefanya, naomba waniambie kabla sijafa."

Kipaza akaenda kwa mke wa fundi bomba, bado hajang'amua kitu.

"Kichwa kile? Tulicheka wote!" alisema yule mama. "Shangazi yako hana kosa hata chembe. Lakini nani abishe mlango ule jioni? Mimi nina watoto wanne."

Hapo ndipo Kipaza alipong'amua. "Mama, ile hadithi niliitunga mimi."

Mama alimtazama kwa huruma. "Unasema hivyo ili twende kumtembelea. Wewe ni mtoto mwema. Ila mume wangu alimsikia kwa masikio yake, akikohoa."

"Huyo alikuwa shangazi!"

"Shangazi yako anakohoa kidume vile?"

"Ndivyo anavyokohoa! Na kwa nini hamkumwambia?"

"Mtu mzima yule utaanzaje kumwambia amekaa na maiti mlangoni? Hata adabu hatuna?"

Jioni hiyo Kipaza alijaribu njia ya mkato. Aliwatangazia wageni kwamba mpiga tarumbeta amehama, sasa yuko ofisi za baraza la mji. Kesho yake makarani wa baraza walifunga ofisi saa tisa mchana, ingawa kusema kweli hao hawakuhitaji mzimu. Na mtaani wakasema mzimu uliotoka waweza kurudi, tena ukiwa na hasira za safari. Kwa shangazi hakuna aliyekwenda.

Ikabaki njia moja, nayo ilimnyima usingizi siku tatu. Akikiri mbele za watu, ndio mwisho wake, kwani nani atamfuata mwongo gizani? Asipokiri, shangazi aliyemlisha kwa kijiko atakufa akiamini kwamba mji wote unamchukia.

Jumamosi aliwaalika majirani nao waje matembezini. Walikuja, wakajibanza nyuma ya wageni. Walipofika mlangoni, Kipaza alishusha taa.

"Hapajawahi kuwa na mpiga tarumbeta," alisema. "Nilimtunga mimi, kwa sababu mlikuwa mnapiga miayo. Humu anakaa shangazi yangu, peke yake."

Wageni wakapiga makofi. Bwana mmoja alimwambia mkewe kwamba huo ndio usanii, mtu anaukana mzimu wake mpaka nywele zinakusimama.

Maneno yakawa yameisha kazi. Kipaza akageukia mlango, akainua mkono, na hapa nikwambie jambo ambalo yeye hajamwambia mtu: aliogopa. Kitu ukikisimulia miaka tisa hata wewe mwenyewe kinakuingia. Akabisha. Kimya. Majirani wakarudi nyuma hatua moja. Akabisha tena, kimya. Ndipo akavuta pumzi.

"HODI, SHANGAZI!"

Mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Ndani kikasikika kikohozi kizito cha kiume, na fundi bomba akamkumbatia mgeni asiyemjua. Kitasa kikazunguka. Shangazi akatokea, amejifunga kanga, akazitazama nyuso zile zote.

"Ni wewe? Na hawa?"

"Wageni, shangazi. Na majirani. Hawakuchukii, hujawakosea kitu. Waliogopa mzimu, na mzimu niliuweka mimi hapa mlangoni ili wageni nipitao nao wasichoke."

"Unapita nao hapa?"

"Mara tatu kwa wiki."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

Kipaza alingoja amuulize habari za mzimu. Hakuuliza.

"Miaka tisa unapita mlangoni kwangu," shangazi alisema taratibu, "na wewe mwenyewe hukubisha hata siku moja?"

Sauti iliyowatoa watu ng'ambo ya barabara ikagoma kutoka. Kipaza alilia pale pale, mbele ya watu waliokuja kutishwa, na wao hawakujua watazame wapi. Mke wa fundi bomba akajipenyeza, akampita, akamkumbatia shangazi kwa nguvu, akaingia ndani. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakiitika karibu zake kwa sauti za juu ili asikie. Akabaki Kipaza na taa yake.

"Nisamehe, shangazi."

"Hayo tutayazungumza ndani," alisema shangazi. "Futa miguu kwanza."

Akafuta miguu, akaingia.